Mikasi Thelathini na Baraza Moja

Siku ya kwanza yule mwanamke alipoingia dukani, Mama Vifungo alimpima kwa jicho moja la haraka akaamua kwamba hapa hakuna biashara. Viatu vya kazi vilivyolika visigino, mkoba uliotiwa viraka kwa ustadi, kucha fupi za mtu anayeishi kwa mikono yake. Wateja wa sura hiyo hununua uzi mweusi mmoja na sindano mbili, kisha wakakaa nusu saa wakiuliza bei za vitu wasivyokuwa na haja navyo. Kwa hiyo Mama Vifungo hakuinuka kwenye kigoda chake. Aliendelea kutenga zipu ndefu na zipu fupi, akisubiri kuombwa.

Mwanamke alimwamkia kwa adabu, akaweka mkoba juu ya kaunta, akauliza, “Mama, mikasi mikubwa ya kukatia, ile ya inchi kumi, unayo mingapi?”

Hapo Mama Vifungo aliinuka. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwauzia mafundi cherehani wa mtaa ule, tangu enzi za kuzunguka na trei ya vifungo shingoni, ambako ndiko jina lake lilikotoka, mpaka akawa na duka lenye stoo nyuma na baraza pana mbele. Miaka yote hiyo watu walimuuliza mkasi bei gani. Hakuna aliyewahi kumuuliza ipo mingapi.

Mteja alitaka thelathini. Wakashindania bei kama watu wanaojuana thamani: kila mmoja aliapa kwamba anaumia, na hakuna aliyekuwa anaumia. Katikati ya mashindano hayo Mama Vifungo alichomeka swali lake, kwa sauti ya mtu asiyejali jibu. Thelathini ya nini, ndugu yangu, unafungua kiwanda?

Hakuwa anafungua kiwanda. Alikuwa ametoka kiwandani. Miaka kumi na minane alikuwa mkataji katika kiwanda cha nguo, hadi kilipofungwa na wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo na barua ya shukrani. Kule kiwandani, alieleza, mikasi yote ilikuwa ya kampuni. Ilitundikwa ubaoni kwa misumari, asubuhi unachukua unaoukuta, jioni unarudisha. Miaka saba ya mwisho, yeye ndiye aliyekuwa akiinoa. Alipotoka na kuanza kupita mitaani akaona mafundi wanakata kwa mikasi butu, wanatafuna kitambaa kama mbuzi, akauliza kwa nini. Akajibiwa kwamba kunoa ni kupoteza siku nzima ya kazi, na yule mzee wa baiskeli anayenoa visu ukimpa mkasi anaurudisha umekuwa koleo. Basi akapata wazo. Atazunguka na mikasi iliyonolewa. Kwa kila fundi atachukua ule butu na kumwachia mkali, aende zake, aunoe nyumbani, wiki ijayo ampe mwingine. Fundi hasubiri, kazi haisimami, malipo madogo.

Lilikuwa wazo lililonyooka kama mstari wa chaki. Na kabla mwenyewe hajamaliza kulieleza, Mama Vifungo alikwisha kujua kwamba halitatembea hata hatua tatu.

Maana yeye mafundi aliwajua. Fundi atakuazima cherehani yake, atakuazima pasi, akilewa atakuazima hata akiba ya watoto. Mkasi wake haugusi mtu. Mkasi umezoea mkono wake, umelika pale kidole chake kinapokaa, na ukikata karatasi kwa mkasi huo mtavunja ujirani. Mtu mzima aende kumwambia fundi, nipe mkasi wako nikuachie huu uliotoka kwa fundi mwenzako? Afadhali umwombe meno.

Mama Vifungo hakusema neno. Anayeuza kamba hamuulizi mnunuzi anakwenda kufunga nini. Alifungua katoni, akahesabu mikasi thelathini mbele ya mwenye pesa, akatoa sharti lake moja: mali ikivuka kizingiti, hairudi. Mwanamke akakubali bila hata kupepesa macho, akauinua mzigo kwa mikono miwili, akatoka. Yalikuwa mauzo makubwa kuliko yote ya mwaka ule, na Mama Vifungo alilala usingizi mzuri.

Wiki zilizofuata habari zilimfikia vipande vipande, kwa sababu kila fundi aliyekuja kununua lastiki alikuja na kichekesho kipya cha yule dada wa kubadilisha mikasi. Fundi mmoja mama, mshonaji wa magauni, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza, “Na mume wangu akichoka utanipa wa jirani mpaka wangu apone?” Maneno hayo yalitembea mtaa mzima kabla ya saa saba. Mwingine alikubali kuchukua mkasi mkali, ila akakataa kutoa wake. Akataka kubaki na yote miwili.

Mkubwa wao alikuwa Fundi Suti. Mzee huyo alikuwa na nafasi ya kona, alikuwa amewafundisha nusu ya mafundi waliopo, na nusu iliyobaki walitamani watu waamini kwamba aliwafundisha. Kwake yule mwanamke alijaribu methali. Alimwambia, kwa heshima, kwamba mchagua jembe si mkulima. Fundi Suti hakuinua hata kichwa.

“Aliyesema hivyo alikuwa analima,” akajibu. “Hakuwa anakata suti.”

Nyumbani kwa yule mwanamke nako hakukuwa na pa kupumulia. Wifi yake, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, alikuwa amemshauri tangu mwanzo anunue cherehani kama watu wenye akili. Sasa kila akifagia chini ya kitanda ufagio unagonga chuma, naye akawa anamuuliza kama ndiyo amefungua hospitali, maana vyombo vya upasuaji anaviona ila wagonjwa hawaoni. Mumewe, aliyekuwa mlinzi wa shule na mtu wa maneno machache, hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba kuna kampuni inayosafisha maofisi, wanachukua watu, na nafasi yake wataishika kwa miezi miwili. Aproni ilikwisha letwa, ikatundikwa nyuma ya mlango wa chumbani. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi: ndani ya miezi miwili apate mafundi wa kumlisha, au avae aproni ile akadeki vyumba vya watu huku ujuzi wake umekaa bure.

Siku alipomwona anarudi, Mama Vifungo alianza kupanga maneno ya kumkatalia. Alijua atakuja na mzigo, atakuja na machozi, atakuja na habari za watoto. Alikuwa na jibu la kila kimoja.

Mwanamke alikuja mikono mitupu. Aliamkia, akatazama juu ya kabati la nyuma ya kaunta, akauliza, “Mama, ile mikasi ya vishikio vyekundu, mbona haiuziki?”

Swali hilo liligusa kidonda. Ile mikasi arobaini na minane Mama Vifungo aliichukua kwa bei ya kutupa kutoka kwa msambazaji mmoja aliyekuwa na haraka ya ajabu, na mtu wa umri wake alipaswa kujiuliza haraka hiyo ni ya nini. Ilikuwa inatafuna. Aliyoiuza ilirudi, tena na matusi. Mwaka wa pili sasa ilikuwa juu ya kabati ikila vumbi. Sharti la mali kutorudi alilianzisha baada ya mikasi hiyo.

Mwanamke aliomba mmoja. Akaufungua na kuufunga karibu na sikio, kama mtu anayesikiliza saa. Akaomba bisibisi. Akakaza skrubu ya katikati, akashika kishikio kimoja na kuachia kingine kishuke chenyewe, kikashuka chote. Akakaza tena kidogo, kikashuka nusu kikasimama. Kisha akatoa kinoo mkobani, akakilowesha, akapitisha ubapa wa nje mara kumi upande huu na mara kumi upande ule. Ndani hakugusa. Akachana kipande cha bitana, kitambaa chepesi kuliko vyote dukani, nacho akakilowesha, akakikata mpaka ncha ya mkasi. Kilikatika bila sauti.

Mama Vifungo alichukua ule mkasi akajaribu mwenyewe mara tatu. Kisha akaurudisha juu ya kaunta, akaufanya uso wake kuwa mgumu, kwa sababu sasa palikuwa na biashara.

Mwanamke alisema atainoa yote. Badala yake anataka kona ya baraza, upande wa kulia wa mlango, miezi sita, bila kodi. Mama Vifungo akacheka kwa sauti, akasema kwa miezi sita angempa na chumba cha kulala. Alitaja miwili. Mwanamke akasema kwa miwili atanoa mikasi kumi na sita, na Mama achague ni ipi. Walipanda na kushuka hapo mpaka wakaishia minne, kwa mikasi yote. Ndipo mwenye duka akauliza, safari hii kwa kutaka kujua kweli: mafundi wamekwisha kumkataa, hapo barazani atamnolea nani?

“Niliwaambia waachane na mikasi yao,” mwanamke akajibu. “Hilo ndilo kosa. Kiwandani mkasi haukuwa wa mtu, nikadhani ndivyo ilivyo kila mahali. Sasa hawataachana nayo. Watakaa hapa waione ikinolewa, waondoke nayo mkononi. Mafundi wanakata asubuhi, mchana wanashona. Mimi nataka mchana wao.”

Mama Vifungo alilihifadhi hilo. Mtu anayekosea, akalijua kosa, na akalibeba bila kulia, huyo si wa kumchezea. Kwa sababu hiyo akaongeza sharti. Yeye anauza mikasi mipya. Hawezi kumweka mtu mlangoni pake wa kuifufua ya zamani. Basi, fundi akileta mkasi uliokufa, aingizwe ndani anunue mpya.

“Uliokufa nitamleta mwenyewe nimemshika mkono,” mwanamke akasema. “Ulio hai sitausema umekufa.”

“Na nani atajua upi hai, upi umekufa?”

“Mwenye kinoo.”

Mama Vifungo aliliacha lipite. Alijua njaa hulainisha watu, na miezi minne ni mirefu.

Meza yake ilikuwa ubao juu ya makreti mawili. Juu yake vinoo viwili, kimoja kinachokwaruza na kimoja laini, beseni la maji, chupa ya mafuta ya cherehani, na fungu la vipande vya bitana. Wiki ya kwanza alinoa visu vya jikoni. Akaja kinyozi mmoja, akaja mama mwenye mkasi wa kukatia kucha za mbwa. Mafundi wenyewe walimtega: walimletea mikasi ya nyumbani, ile ya kukatia karatasi na nyuzi, wakasimama wamekunja mikono. Alinoa yote bila kuuliza mizaha hiyo inatoka wapi. Mmoja wao akaondoka amejikata kidole, akatangaza mtaani kwamba yule dada ni makali matupu. Jina likamganda. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu hata mumewe aliposhika simu alisikia, “Mwambie Makali kuna visu hapa.”

Lakini jina halilishi. Mikasi ya kazi, ile mikubwa, haikuja hata mmoja. Kila aliyeulizwa alisema anangoja amwone mwenzake, na mwenzake anamngoja Fundi Suti. Mwezi wa kwanza ukaisha. Ukaingia wa pili, na kampuni ya usafi ikatuma mtu kuuliza kama yule mama bado anaitaka nafasi.

Mama Vifungo, kwa upande wake, alikuwa na mpango wake mwenyewe juu ya Fundi Suti. Mwaka mzima alikuwa akimshawishi mzee huyo aachane na mkasi wake uliozeeka, achukue mkubwa wa inchi kumi na mbili, chuma kizito kutoka ng’ambo, mkasi wa kifalme kwa mtu wa hadhi yake. Hatimaye mzee akasema agiza. Ukaagizwa. Ukaja ndani ya sanduku lenye kitambaa cha mahameli, na bei yake ilizidi mauzo ya kawaida ya siku kumi. Kwa kuwa mzee ni mteja wa miaka mingi, Mama Vifungo hakuchukua arubuni. Hapo ndipo alipokosea yeye.

Fundi Suti alikuja Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, amekwapatia mkasi wake wa zamani uliofungwa katika flana. Alitaka kuulinganisha na mpya. Akakaa kwenye kiti cha barazani, Mama Vifungo akaingia stoo kuchukua sanduku. Alipotoka akamkuta Makali amekwisha sogeza kipande cha kitambaa mbele ya mzee, anamwomba akate kidogo tu, aone. Mzee alikuwa ameufungua mkasi wake mwenyewe lakini ameushikilia kama mtu aliyeshika mkoba stendi.

Mama Vifungo alimwinamia Makali, akajifanya anaokota kitu sakafuni. “Huo umekufa,” akamnong’oneza. “Umenisikia? Ukifa huo, hapa utakaa mwaka.”

Hilo lilikuwa tamko la kibiashara, tena la haki. Mwaka mzima wa baraza kwa neno moja. Mama Vifungo angekuwa yeye, asingefikiri mara mbili.

Makali alimtazama mzee akikata. Hakutazama makali ya mkasi, alitazama mkono. Mzee alikata mara moja, mara mbili, kitambaa kikakunjamana kwenye ncha. Makali akasema kwa sauti ya kawaida, iliyosikika na wote wawili, “Fundi, huu ni mzima. Umechoka tu. Nipe dakika ishirini.”

Mzee alisita kuutoa. Akaushika pete moja, Makali akaushika nyingine, wakakaa hivyo kama watu wawili waliokamata kuku mmoja. Mshona magauni wa upande wa pili aliacha mashine yake. Kisha mzee akaachia, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa ubao.

Ulikuwa mkasi mgumu. Miaka mingi nyuma mtu alikuwa ameupiga msasa upande wa ndani, kosa ambalo huua mikasi tisa kati ya kumi, na mzee alipoulizwa ni nani alitazama barabarani. Makali akaupapasa taratibu, akaurudishia mstari wake kwa kinoo laini, akahamia nje. Alinoa ule wembe wa chini zaidi ya wa juu. Alilegeza skrubu, akaikaza, akailegeza tena robo. Mafundi wawili wakasogea, wakawa watatu, wakawa wanne. Hakuna aliyesema kitu, na mafundi wanne kukaa kimya ni jambo la kuandikwa.

Makali alikunja bitana mara nne, akailowesha, akampa. Mzee akakata mpaka ncha. Akakata tena, kwa kona, kama anayekata shimo la mkono wa koti. Akainua kile kipande akakitazama ukingo wake kwenye mwanga.

“Nani alikwambia gumba langu linasukuma nje?” akauliza.

“Mkasi.”

Gumba hilo lilivunjika zamani na likaunga vibaya. Mkewe alijua, na pengine watu wengine wawili. Mzee akauliza malipo. Alipotajiwa akamwambia kwa bei hiyo atakufa njaa na mkono wake huo, akaweka maradufu, akaufunga mkasi katika flana. Alipompita Mama Vifungo aliyesimama na sanduku lake la mahameli, akainamisha kichwa kidogo. “Mama, huo utanisamehe,” akasema, akaenda zake.

Mama Vifungo hakupiga kelele. Alifunga sanduku, akaliweka juu ya kaunta, akarudi barazani akamwambia Makali afungashe. Maneno aliyoyasema yalikuwa machache na yalikuwa na mantiki: nimekupa mlango, umenizibia riziki, nimekupa nafasi ya kutengeneza, umeikataa mbele ya watu. Makali alikuwa anaosha kinoo. Hakubishana. Aliuliza kitu kimoja.

“Mama, siku ile naondoka na mikasi thelathini. Ulijua hawataishika?”

Mama Vifungo hakuwa mtu wa kusema uongo pasipo faida. “Nilijua.”

“Ukanyamaza.”

“Nilikuwa nauza.”

“Na mimi leo nilikuwa nanoa,” Makali akasema, akaanza kukusanya vipande vyake vya bitana.

Mama Vifungo alifungua mdomo kumjibu, ila kuna fundi alikuwa anamgusa bega anataka uzi wa kijivu. Akamhudumia, akarudi. Alikuwa anaanza tena kusema kwamba ubao na makreti viondolewe kabla ya jioni, mshona magauni akaingia kuulizia zipu za kujificha, na kwa kuwa amekwisha fika, akachukua na mita tatu za bitana. Akarudi tena barazani. Wale mafundi wawili waliobaki walikuwa wanaulizana nani alifika kwanza. Mmoja alikuwa amekwenda mbio na kurudi na mkasi wake, na sasa, akingoja, alikuwa ameshika kadi ya vifungo vya pembe aliyoitoa dirishani, anaigeuzageuza. Akauliza bei.

Alikuwa ameuza mara tatu wakati anamfukuza mtu.

Mtu mwingine angehitaji wiki kulielewa hilo. Mama Vifungo alilielewa pale pale, kadi ya vifungo bado ikiwa mkononi mwa mteja. Fundi hamwachii mtu mkasi wake. Kwa hiyo atakaa. Dakika ishirini, nusu saa, kila mmoja wao, mchana kutwa, mbele ya dirisha lake, na macho ya fundi hayajui kupumzika. Mkasi mpya fundi hununua mara moja kwa miaka mitano. Uzi hununua kila siku, na alikuwa akiununua popote panapomkuta.

“Ubao huo uache kwanza,” akamwambia Makali. “Kesho tutaongea.”

Kesho yake waliongea, na ilikuwa zamu ya Makali kukaza kamba, kwa sababu alijua Mama ameona. Aliomba benchi la wateja na turubai la kuzuia jua. Mama Vifungo akakubali benchi, akakataa turubai, kisha akakubali turubai kwa sharti kwamba lisizibe dirisha. Kodi akaitaka ianze mara moja. Makali akasema miezi minne ni minne, mikasi yote arobaini na minane ya vishikio vyekundu imekwisha nolewa na Mama ameiuza. Alikuwa ameiuza kweli. Mama akataka ahadi kwamba hatahamia kwenye duka la ng’ambo ya barabara. Makali akatoa ahadi ya mwaka mmoja, si zaidi. Kuhusu mkasi uliokufa na ulio hai, hakuna aliyeligusa tena suala hilo. Mchana ule ule Makali alimwambia mumewe aproni irudishwe kwa wenyewe, bado ina mikunjo yake.

Ile mikasi thelathini aliiondoa chini ya kitanda mwezi uliofuata. Aliipeleka kwenye chuo cha ushonaji kinachofundisha wasichana wanaoanza, ambao mikono yao haijachagua bado na mkasi wowote kwao ni mkasi. Aliiuza kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia, na hasara hiyo hakumsimulia mtu kama somo wala kama mzaha. Aliibeba, ikaisha. Chuo kilimtaka aje kuinoa kila muhula, na hapo alitaja bei ambayo Fundi Suti angeikubali.

Mwaka ulipokaribia kwisha, rafu ya mikasi mipya dukani ilikuwa imepungua kutoka ngazi tatu hadi nusu ngazi. Mama Vifungo hakuijaza tena. Ule mkubwa wa mahameli ulikaa dirishani mpaka mahameli yakapauka, akauuza kwa hasara kwa mtu wa mapazia. Kwa upande mwingine, bitana na nyuzi zilikuwa zikiisha kabla ya mzigo mpya kufika, na mwenye duka wa ng’ambo ya barabara alikuwa ameanza kumwamkia Makali kwa uchangamfu usio wa bure. Makali naye alikuwa na mafundi sitini na kitu, na tatizo ambalo hakulitarajia: akiugua siku moja, hakuna anayeweza kumshikia. Mtaa mzima ulikuwa umemkubali yeye, mkono wake peke yake. Homa ya siku mbili ilimtia hofu kuliko mwaka mzima wa vichekesho.

Siku ya kuzungumzia mkataba mpya walikaa kwenye lile benchi kabla ya wateja. Mama Vifungo alitaka kodi ipande theluthi. Makali alitaka karatasi ya miaka mitatu, na ruhusa ya meza ya pili kwa mtu atakayemfundisha. Mama akasema meza ya pili ni kodi ya pili. Makali akasema ng’ambo ya barabara meza ya pili ni bure, na wanatoa na maji ya bomba. Mama akasema basi ahamie huko akanoe mbele ya duka lisilo na bitana. Makali akasema bitana inabebeka.

Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa turubai walipopeana mikono. Mama Vifungo alipata theluthi yake, yote, bila kupunguziwa. Makali alipata miaka mitatu kwa maandishi, meza ya pili bila kodi kwa mwaka wa kwanza, na ufunguo wa bomba la nyuma. Mama aliingia ndani kutoa kufuli la mlango wa stoo, akijisifu moyoni kwamba miaka mitatu ya benchi lililojaa ameinunua kwa bomba la maji. Makali alikuwa amekwisha jaza beseni, na fundi wa kwanza alikuwa anavuka barabara, mkasi kwapani.